Barua ya wazi kwa wanaoagiza mifumo: pimeni uzito kabla ya kulipa

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Elimu, wa Afya na wa Mawasiliano katika nchi zinazoendelea. Kwa wakurugenzi wa TEHAMA walio chini yenu. Kwa mamlaka za mawasiliano. Na kwa wahisani mnaolipia mifumo tunayoitumia.

YAH: UZITO WA TOVUTI NA MIFUMO YA ELIMU NA AFYA

Waheshimiwa,

Waraka ulionifanya niandike barua hii ulikuwa na kurasa tatu. Ulieleza kwamba kuanzia muhula unaofuata masomo ya ziada yatapatikana kwenye tovuti mpya, na kwamba walimu wakuu wahakikishe wanafunzi wote wanajisajili. Mtu aliuandika kwenye kompyuta, akauchapisha, ukasainiwa, ukagongwa muhuri, kisha ukapitishwa kwenye skana kwa rangi na kutumwa kwa barua pepe kama picha. Maneno yake yote, yangetumwa kama maandishi, yasingezidi kilobaiti 8. Faili lililotumwa lilikuwa na megabaiti 9, yaani kilobaiti 9,000. Mwalimu aliyeniita nimsaidie kulifungua alikuwa amejaribu mara nne ndani ya siku mbili. Kila mara lilikatikia njiani, kila mara likaanza upya, na kila mara bando likaliwa.

Tangazo la tovuti lilishindwa kufika. Nikajua tovuti yenyewe itakuwaje.

Mimi ni fundi. Nafunga na kutunza kompyuta na mitandao katika shule, vyuo vya uuguzi na vituo vya afya vilivyo mbali na mkongo wa nyaya za intaneti. Siandiki kuomba minara, maana minara inaombwa na kila mtu. Naomba kitu cha bei nafuu kuliko mnara, na kimo mikononi mwenu leo: kabla hamjasaini mkataba wa mfumo wowote wa elimu au afya, ulizeni una uzito gani, kisha upimeni kule utakakotumika.

Tumezoea kuwagawa watu mafungu mawili, wenye intaneti na wasio nayo. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti kabisa. Ukisikia hivyo unadhani kinachokosekana ni mnara. Lakini takwimu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, zinasema kwamba kufikia mwisho wa 2023 ni asilimia 4 tu ya watu walioishi pasipofika intaneti ya simu, ilhali asilimia 39 waliishi chini ya mtandao huo bila kuutumia. Bei ya simu na ujuzi ndizo sababu zinazotajwa kwanza, na ni kweli. Mimi ninalo fungu jingine ambalo halionekani kwenye hesabu hizo. Ni watu wanaohesabiwa kuwa wana intaneti: simu inaonyesha mistari miwili, bando limenunuliwa, na bado ukurasa unazunguka tu. Kwenye ripoti zenu hao wameshaunganishwa.

Naomba tufanye hesabu pamoja, si ngumu. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, uzito wa faili kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. (Watu wengi wameuziwa ahadi hewa kwa kutojua tofauti hiyo tu.) Chukueni chuo chenye laini ya kilobiti 128 kwa sekunde, kasi ambayo mtandao wa simu wa 2G, ule wa zamani, ukielemewa hauifikii. HTTP Archive, mradi unaopima mamilioni ya tovuti, unaonyesha kuwa ukurasa wa kawaida wa tovuti siku hizi unazidi megabaiti 2. Kwa laini hiyo, megabaiti 2 huchukua zaidi ya dakika mbili, na hapo mtumiaji ni mmoja. Wakikaa wanafunzi 20 darasani na kufungua ukurasa huohuo kwa pamoja, wa mwisho ataupata baada ya dakika arobaini. Kipindi kimekwisha. Sasa chukueni ukurasa wenye maelezo yaleyale, umeandikwa na mtu aliyeambiwa asizidi kilobaiti 25. Wanafunzi wote 20 wameshaupata katika nusu dakika. Laini ni ileile na kompyuta ni zilezile. Kilichobadilika ni agizo alilopewa mtengenezaji.

Na kasi peke yake haitoshi kueleza mateso haya. Kuna muda wa kusubiri, ambao haupungui kwa kununua kasi zaidi. Satelaiti zinazokaa juu ya ikweta, ambazo bado zinahudumia vituo vingi vya mbali, ziko karibu kilomita 36,000 angani. Ombi lipande na kushuka, jibu lipande na kushuka: kilomita 144,000. Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde. Kabla herufi ya kwanza haijaonekana, simu inaulizia anwani ya seva (kompyuta inayotunza tovuti), inaisalimu, inakubaliana nayo namna ya kufunga mazungumzo kwa siri, ndipo inaomba ukurasa. Safari nne, na sekunde mbili zimekwisha bila kitu. Tovuti za siku hizi hazizungumzi na seva moja. Umbo la herufi linatoka huku, video kule, kihesabu wageni kwingine, kitufe cha mtandao wa kijamii kwingine tena, na kila seva lazima isalimiwe upya. Nimewahi kufungua mfumo wa matokeo ya wanafunzi nikakuta nusu ya mizigo inayobebwa haimhusu mwanafunzi hata kidogo.

Kwenye afya mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu kule mtumiaji analazimika. Mwanafunzi akichoka ataacha. Muuguzi anadaiwa ripoti.

Nilikaa na muuguzi mmoja jioni ya mwisho wa mwezi akijaza takwimu za kituo chake: waliohudhuria kliniki, chanjo zilizotolewa, dawa zilizobaki. Namba zenyewe, nilizihesabu, zilikuwa chini ya mia mbili. Ukitaka kuzituma kwa ujumbe mfupi wa simu zinaingia kwenye jumbe chache tu. Mfumo ulimtaka kwanza afungue ukurasa wa mbele wenye picha kubwa ya watoto wanaotabasamu. Kisha ramani. Kisha chati za kituo chake za miaka mitatu, ambazo hakuziomba. Fomu ilipofunguka akajaza, akabonyeza kutuma, ikazunguka, na jibu likaja: muda wako umekwisha, tafadhali ingia upya. Mfumo ulikuwa umempa dakika kumi na tano za usalama, na dakika hizo zikaliwa na mfumo wenyewe. Namba zote zikapotea. Hakulalamika. Alitoa daftari alimokuwa amezinakili mapema, akaniambia hufanya hivyo kila mwezi, maana huwa anajaza mara tatu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aliyeweka zile dakika kumi na tano alikuwa ofisini kwenye mkongo, na kwake fomu ile hufunguka kabla hajavuta kiti.

Kinachoniudhi ni kwamba haya yalishatatuliwa zamani, na watu waliokuwa na vichache kuliko sisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la SatelLife, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilikuwa likiwapelekea madaktari wa Afrika barua na makala za kitabibu kwa satelaiti ndogo zilizopita juu ya kituo mara chache kwa siku. HealthSat-2 ilirushwa mwaka 1993. Satelaiti ikipita, kituo kinapakia barua zake na kushusha zilizokuja. Ikiondoka, kazi inaendelea bila mtandao mpaka ipite tena. Hakuna aliyeketi akitazama kitu kinazunguka. Mwaka 1998 ulianzishwa mfuko wa hisani wa Swinfen wa Uingereza, ambao kazi yake ilikuwa rahisi kuliko jina lolote la kitaalamu mtakalopewa: hospitali inapiga picha ya jeraha au ya filamu ya eksirei kwa kamera ya kidijitali, inaituma kwa barua pepe pamoja na maelezo, na daktari bingwa aliye nchi nyingine anajibu akipata nafasi. Hospitali ya kwanza ilikuwa Dhaka, Bangladesh. Barua pepe husubiri. Mtandao ukikata saa nane na kurudi saa kumi, ushauri wa daktari utafika saa kumi. Mazungumzo ya video, ambayo ndiyo huonyeshwa kwenye kila uzinduzi wa tiba mtandao, hayana subira hiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni SMS for Life, uliojaribiwa Tanzania kati ya 2009 na 2010 katika wilaya tatu: Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Swali lilikuwa moja: kituo gani kimeishiwa dawa za malaria? Kila wiki wahudumu wa vituo 129 walikumbushwa kwa ujumbe wa simu, nao wakajibu kwa ujumbe wenye idadi ya dawa zilizobaki. Majibu yaliingia kwenye tovuti iliyotazamwa na wasimamizi wa wilaya, waliokuwa na kompyuta na mtandao. Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimekosa angalau dawa moja kati ya zilizofuatiliwa. Wiki ya 21 ilikuwa asilimia 26. Ujumbe mmoja wa simu una nafasi ya herufi 160, sawa na baiti 140. Picha ya watoto wanaotabasamu kwenye mfumo wa yule muuguzi ingetosha maelfu ya jumbe za namna hiyo.

Sisemi turudi kwenye kitochi kwa kila jambo. Tazameni busara iliyokuwamo: sehemu nzito ya kazi iliwekwa kule wilayani kwenye mtandao mzuri, na aliye pembezoni akaachiwa namba tu. Mifumo mingi ninayoletewa nifunge imepangwa kinyume, chati na ramani zote anabebeshwa aliye na mistari miwili. Na si lazima iwe hivyo hata kwa mfumo mkubwa. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya wenye mizizi Afrika Kusini ya miaka ya 1990 na unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, una programu ya simu inayomruhusu mhudumu kujaza taarifa bila mtandao na kuzituma mtandao ukirudi. Basi hiyo siyo teknolojia ya kesho. Anayewaambia haiwezekani, mwombeni awaeleze wenzake waliwezaje.

Upande wa elimu mnakumbuka mwaka 2020. Shule zilipofungwa, UNICEF na ITU walitoa hesabu kwamba watoto na vijana bilioni 1.3 wenye umri wa miaka 3 hadi 17, theluthi mbili ya wote duniani, hawakuwa na intaneti nyumbani. Jibu la wengi wenu lilikuwa video. Naelewa; video inaonekana kama mwalimu. Lakini saa moja ya video ya kilobiti 500 kwa sekunde, ambayo wala si ya ubora mkubwa, ni megabaiti 225. Saa moja ya sauti ya mwalimu huyohuyo, ikibanwa kwa Opus, mfumo wa sauti ulio huru kutumiwa na kila mtu tangu 2012, kwa kilobiti 16 kwa sekunde, ni megabaiti 7 na ushei. Ongezeni picha kumi za ubao zilizopunguzwa vizuri, bado hamjafika 8. Masomo yote ya wiki yangeingia katika nafasi ya kipindi kimoja cha video. Ni kweli kuna mambo lazima yaonekane yakitendeka: namna ya kumgeuza mgonjwa kitandani, namna kemikali inavyobadilika rangi. Hayo yapewe video, fupi, na ya kupakuliwa usiku. Mwalimu anayesoma daftari mbele ya kamera hahitaji video.

Kuna njia nyingine ambayo mawaziri huidharau kwa sababu haina sherehe ya uzinduzi. Ni kuleta maktaba shuleni kwa diski. Kiwix, programu huru iliyoanza mwaka 2007, huifunga Wikipedia nzima au makala zake za tiba pekee ndani ya faili moja linalosomeka bila intaneti. Kolibri hufanya hivyo kwa masomo na mazoezi. Kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa kiganja huwekwa darasani, inatoa Wi-Fi yake yenyewe, na wanafunzi thelathini wanasoma kwa simu bila kugusa bando. Nimefunga kadhaa. Zinafanya kazi, na nitasema na ubaya wake: baada ya mwaka nakala inachakaa, aliyekabidhiwa kuisasisha amehamishwa, na hakuna fungu la bajeti linaloitwa "kubeba diski". Mradi uliolipia kifaa ulishafunga hesabu. Kama mnataka pa kuweka pesa kidogo zenye faida kubwa, ni hapo, kwenye mtu mmoja wa kila wilaya anayezunguka na diski mara tatu kwa mwaka.

Mtaniambia mmeshazungumza na kampuni za simu na tovuti ya elimu haikati bando. Asante, kwa dhati. Ila bure si kasi: ukurasa mzito usiotozwa unachukua dakika zilezile. Halafu mwangalie kwa makini, maana msamaha hutolewa kwa jina la tovuti. Video iliyobandikwa kutoka tovuti nyingine haimo kwenye msamaha, na mtoto anayeambiwa ni bure hugundua bando limekwisha katikati ya somo. Msitegemee mno pia fadhila za kampuni. Wikipedia Zero, iliyokuwa ikifungua Wikipedia bila malipo kwenye simu, ilianza 2012 na kufungwa 2018. Kivinjari cha Chrome kilikuwa na njia ya kubana kurasa kwa watu wa mtandao hafifu. Iliondolewa mwaka 2022. Hata sisi mafundi tulinyang'anywa chombo. Zamani tuliweka mashine moja chuoni ikitunza nakala za kurasa, akifungua mmoja, wa pili anaupata papo hapo. Tovuti karibu zote zilipohamia kwenye usimbaji, yaani kufunga mazungumzo kwa siri, mashine ile ikawa haioni tena kinachopita. Siupingi usimbaji, taarifa za mgonjwa lazima zifungwe. Nasema tu kwamba mzigo uliokuwa ukipunguzwa njiani sasa lazima upunguzwe unakotoka, na unakotoka ni kwenye zabuni zenu.

Kwa hiyo nawaomba muiguse zabuni. Hadidu za rejea za mfumo wowote zitaje uzito wa juu wa kila ukurasa kwa kilobaiti, kama zinavyotaja tarehe ya kukabidhi. Zitaje kwamba fomu ihifadhi kilichojazwa kwenye simu mpaka kitumwe, na kwamba upakuaji uliokatika uendelee ulipoishia. Malipo ya mwisho yasubiri jaribio, nalo lisifanyike kwenye ukumbi wa wizara: mchukueni mhudumu mmoja na simu yake mwenyewe, kwenye kituo kilicho mbali kuliko vyote katika orodha yenu, saa ambayo watu wengi wako mtandaoni. Asiyekuwepo na lake halipo, na katika maonyesho yote ya mifumo niliyowahi kuhudhuria sijamwona huyo mtu.

Mamlaka za mawasiliano mna mifuko ya mawasiliano kwa wote, inayochangiwa na kampuni za simu. Endeleeni kujenga minara, lakini toeni fungu la kuwalipa watu wa kupunguza uzito wa tovuti za serikali zilizopo. Ni kazi ya miezi, si miaka. Na wahisani, najua mnahitaji chati zenu. Chati zichoreni huko mliko, kutoka kwenye namba tutakazowatumia. Kila kiashiria mnachoongeza kwenye fomu ni dakika za mtu aliyesimama dirishani akitafuta mtandao.

Najua pia jibu linalokuja: kwamba kasi inaongezeka, satelaiti mpya za karibu zinarushwa, 5G iko njiani, tuvumilie. Nimevumilia tangu nianze kazi hii. Kasi imeongezeka kweli, na kurasa zimenenepa nayo, hatua kwa hatua. Hata mtandao mzuri una siku zake mbaya: Machi 2024 nyaya nne za baharini zilikatika pwani ya Afrika Magharibi, na Mei mwaka huohuo zikakatika mbili zinazohudumia Afrika Mashariki. Siku hizo nchi nzima zilionja kile ambacho kituo cha yule muuguzi hukionja kila jioni. Mifumo myepesi iliendelea kupenya kwa shida. Mingine ilisimama.

Niko tayari kuja kuwaonyesha, kwa gharama yangu, mfumo wenu wowote ukifunguliwa kwa kilobiti 128. Leteni saa.

Mkiamua kunijibu, tafadhali jibu lisipitishwe kwenye skana. Maandishi matupu ndani ya barua pepe yananitosha, hata bila muhuri.

Wenu katika kazi,

Fundi wa mitandao ya shule na vituo vya afya